Ndege Isiyojua Iliposimama

Kazi yangu ni kupima ploti. Leseni ni ya mkubwa wangu. Mimi ni yule anayebeba kifaa cha setilaiti na kukisimamisha juu ya kila bikoni, yaani jiwe la mpaka, huku mwenye leseni akipiga simu ndani ya gari. Ruiru inakatwakatwa kila siku, kwa hiyo kazi haikosekani. Jioni na wikendi, nyumbani kwetu Makongeni, Thika, mimi ni rubani wa ndege ya kivita. Cheka ukitaka, nimeshazoea.

Ni gemu ya kompyuta, lakini haina huruma. Huwezi kuwasha ndege na kuchomoka nayo kama bodaboda. Kabla haijasogea, lazima uuambie mtambo wake wa kuongoza njia mahali ndege iliposimama duniani. Unaandika latitudo na longitudo, kisha unangoja dakika kadhaa bila ndege kusogea hata kidogo, mpaka mtambo utulie. Ukikosea hapo, ndege itaruka vizuri tu, ila ramani yake itakudanganya. Yangu ilikuwa imenidanganya kwa majuma. Gemu inachezwa jangwani, na ramani inaniambia niko katikati ya bahari!

Niliifuta gemu nikaiweka upya. Nikabadilisha kibodi. Nikamtukana aliyeitengeneza na ukoo wake. Rafiki yangu wa Mwiki, ambaye huruka nami kupitia mtandao, alikuwa akinielekeza masikioni, nami nikimjibu kwa sauti ya mtu aliyevaa hedifoni, yaani kwa kelele.

"Kordineti nimeweka! Target iko palepale! Ni mimi tu siwezi kuifikia!"

Jumamosi moja alasiri, nikiwa katikati ya kelele hizo, mtu alinigusa bega. Niligeuka, nikashusha hedifoni shingoni, nikakuta wanaume wawili wamesimama nyuma ya kiti changu, mmoja mrefu, mwingine mnene. Mke wangu alikuwa amewafungulia mlango, naye sasa alikuwa ameegemea ukuta na mtoto wetu mgongoni. Yule mrefu akanionyesha kitambulisho cha polisi.

Niliogopa. Sina njia nzuri ya kulisema hilo. Nikaondoa mikono kwenye kibodi. Kwetu kila mtu anajua kwamba ukibebwa na polisi Jumamosi, utalala ndani mpaka Jumatatu, na ukitoka, kazi yako ina mtu mwingine. Hiyo ni ikiwa utatoka.

"Boss, hii ni nini?" mrefu akauliza, akionyesha skrini.

"Ni gemu tu, afande."

"Gemu ya kulipua nini?"

"Iko mbali, afande. Jangwani, huko kaskazini. Si hapa kwetu."

Yule mnene alikuwa ameanza kupekua karatasi zilizokuwa mezani. Zilikuwa karatasi za kazini, zenye kordineti za ploti za Ruiru, bikoni baada ya bikoni. Alizisoma polepole, akaangalia skrini, akarudi kwenye karatasi.

"Hizi ni za wapi?"

"Ruiru, afande. Ni za kazi."

"Zote zinaanza na S. Na hii yako ya ndege pia imeanza na S. Unasema ni kaskazini?"

Nikatazama. Ni kweli, mbele ya latitudo palikuwa na S, yaani kusini. Miaka yote hiyo nikipima Ruiru, Thika, Juja, kila namba ninayoandika huanza na S, kwa sababu sisi tuko kusini mwa ikweta, hata kama ni kwa hatua chache tu. Vidole vyangu vilikuwa vimeiandika bila kuniuliza. Namba nilikuwa nimezikagua mpaka macho yakauma. Herufi sikuitazama hata siku moja.

Siku nyingine ningeruka kwa furaha. Siku hiyo jasho lilinitiririka, maana kosa langu lilikuwa limenigeuza mwongo mbele ya polisi.

"Nimekosea, afande. Ilifaa kuwa N, ya kaskazini."

"Umekosea," akarudia mrefu, bila kuuliza. "Sasa turushie hiyo ndege tuone inaenda wapi."

Nikaandika N. Kidole kiliteleza mara mbili. Mtambo ukaanza kujipanga upya, na ndege ikakaa pale uwanjani, kimya, haitikisiki.

"Mbona haiendi?"

"Lazima isimame kwanza, afande. Ikisogea, tunaanza upya."

"Unatuchezea?"

"La, afande. Haki ya Mungu."

Mnene akatoa pingu, akaziweka juu ya karatasi zangu. Mtoto alikohoa mgongoni mwa mama yake nami nikashtuka kama nimepigwa. Niliitazama ile taa ndogo ya kwenye skrini, inayowaka mtambo ukiwa tayari, nikaiomba kama mtu anayeomba kanisani. Iwake, Baba, iwake tu.

Ikawaka. Nikairusha, na kwa mara ya kwanza ramani ikasema ukweli. Ilionyesha jangwa, pwani, na majina ya miji ambako hakuna mtu wa Thika aliyewahi kwenda kuuza hata kitunguu. Mrefu aliinama akayasoma yote. Kisha akacheka, na mnene akarudisha pingu mfukoni. Nilihisi nataka kulia.

Walipofika mlangoni, mrefu alimgeukia mke wangu.

"Mama, sasa umejionea mwenyewe. Ni mchezo. Lakini ulifanya vizuri kutupigia."

Mlango ukafungwa. Nilibaki nimekaa kwenye kile kiti, na hofu niliyodhani imeondoka nao ilirudi ikiwa na uso mwingine. Mwanamke ninayekula naye na kulala naye alikuwa ameniona nikiwa mtu wa kupelekwa polisi.

"Si ungeniuliza tu, mama?" Sauti yangu ilitoka nyembamba.

Hakunikasirikia. Alikuwa akimbembeleza mtoto, machozi yakimtoka.

"Nilikuuliza ni target gani hiyo, baba. Jana, juzi, na ile wiki ingine. Nikisimama hapo tu nyuma yako."

Hedifoni zilikuwa bado shingoni mwangu, na rafiki yangu wa Mwiki alikuwa akiita humo ndani, akitaka kujua kama nimefika.