Kompyuta Iliyomeza Herufi Zangu

Kule Karurumo, miaka ya tisini, kulikuwa na habari moja ambayo mimi niliiamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha: kompyuta ikimeza herufi za mtu, mwenyewe haimalizi wiki. Cheka tu. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, si binamu ya mtu.

Nilikuwa nikisoma kompyuta masomo ya jioni, katika chumba nyuma ya kanisa, na mimi ndiye niliyekuwa kiranja wa darasa. Mashine yetu haikuwa na picha. Ilikuwa kioo cheusi na maandishi meupe. Unaandika amri, inatii. Mwalimu wetu, kabla hajahamia Meru, alitufundisha kubadilisha rangi ya herufi kwa nambari. Thelathini na moja, nyekundu kama kahawa iliyoiva mtini. Thelathini na mbili, kijani. Jioni hiyo nilifika kabla ya wenzangu, mvua inanyesha, nikacheza na rangi zote nikazimaliza. Nikajiuliza, na thelathini kavu je? Nikaiandika.

Herufi zikaisha. Nikaandika jina langu, hakuna kitu. Nikagonga kila kitufe, kioo kikabaki cheusi ti, na ndani ya mashine kitu kinakoroma kama fahali aliyeshiba. Niamini, nywele zilisimama hadi kofia ikainuka.

Kugeuka, mwanamke amesimama nyuma yangu. Hodi hakupiga. Wewe ungefikiri nini? Simjui, amevaa koti jeupe, nje mvua inamwagika na yeye hana hata tone. Akainama, akaandika katika giza lile bila kuona herufi hata moja. Maandishi yakarudi.

"Wewe ndiye nilikuwa nakutafuta," akaniambia.

Nilikimbia nikikatiza mashamba ya kahawa ya watu nikiwa na kiatu kimoja.

Sasa, kwetu Embu neno la mtu anayekufa linaitwa kirumi, na halivunjwi. Nikamwita ndugu yangu mdogo, Njeru, mbele ya Mama. "Njeru, fahali wangu usimuuze. Na usiguse kompyuta maisha yako yote."

"Na baiskeli?" Njeru akauliza.

"Nyamaza, ndugu yako anakufa," Mama akasema, analia.

"Si ndio nauliza mapema."

Kina mama wa kanisa wakaja na masufuria ya chai. Nililala na suti yangu ya Krismasi, nikaimbiwa, nikaombewa, nikasamehe hata watu ambao hawakuwa wamenikosea. Siku zikapita. Watu wakaanza kuniangalia kwa adabu ile ya mgeni anayengoja kuaga. Unaijua aibu ya kungojewa ufe, na wewe unaomba uongezewe sahani ya githeri?

Jumapili mchana yule mwanamke akaingia bomani kwetu, mwavuli mkononi. Nyimbo zikakatika. Akamwamkia Mama vizuri, akasema yeye ni mwalimu mpya wa kompyuta, na amekuja kumjulia hali kiranja wake.

Nilitamani ningekuwa nimekufa kweli.

Kirumi changu hakikufutika hivi hivi. Wazee walisema neno limeshatoka, tukachinja kondoo dume kulifuta, lakini Njeru hakumwamini yule kondoo. Leo ana maduka mawili na hesabu zake zote anapiga kwa kalamu, kwa sababu yangu. Nami kila nikipita sokoni, kuna mama mmoja lazima aniulize, "Wewe, bado hujafa?"

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla hujawaachia watu wako neno la mwisho, uliza kwanza swali moja. Mimi nililiuliza nimechelewa, nikiwa na suti, mbele ya masufuria yote: mwalimu alizirudishaje herufi zilizomezwa?

"Hazikumezwa," mwalimu akanijibu. "Thelathini ni rangi nyeusi. Uliandika nyeusi juu ya nyeusi. Mimi niliandika tu amri ya kurudisha rangi ya kawaida."