Salamu Zilizofika Nyumba Yenye Msiba

Chigusa Makita alipoingia ofisini kwetu mara ya kwanza alivua viatu, akavipanga, akatuinamia wote, halafu akauliza swali lililonifanya nimchukie karibu mwaka mzima. Aliuliza: mteja akifanya biashara leo, anaiona hesabu yake baada ya siku ngapi?

"Miezi miwili," nikamjibu. "Na tukiwa na kazi nyingi, miwili na kitu."

Akaandika kwenye kijitabu chake, kimya. Mimi mtu akiandika jibu langu bila kusema neno, damu hunichemka.

Jina langu ni Setsuko Hatanaka, na nimefanya kazi kwa Mwalimu Tsubokawa hapa Sabae, mji wa miwani wa Japani, miaka thelathini na sita. Mwalimu ndivyo mji mzima unavyomwita, kwa heshima, ingawa yeye ni mhasibu wa kodi na hajawahi kushika chaki. Wateja wetu ni karakana za fremu za miwani: huyu anakunja, yule anachomelea, mwingine anang'arisha. Wote walituletea risiti kwenye mifuko ya plastiki au walituma kwa faksi, nami niliziandika. Mwandiko wangu ulisifiwa hadi kwenye ofisi ya kodi, na sikuona kuna la kutengenezwa.

Huyu Chigusa alikuwa na miaka thelathini na saba, ametoka Osaka alikofanya kazi na programu za hesabu. Lakini hakuwa mgeni. Baba yake alikuwa na karakana ya bawaba za miwani, naye alikuwa mteja wetu. Mwezi wa nne wa mwaka mmoja mzee Makita alinunua mashine mpya kwa mkopo, akidhani mambo yanamwendea vizuri. Karatasi za kumwambia kwamba anakula hasara tangu Februari zilimfikia Mei. Karakana ikafungwa, na Chigusa alikuwa bado na sare ya shule. Karatasi zile niliziandika mimi, kwa mwandiko wangu ule mzuri.

Alinisimulia mara moja tu, mchana, tukila tambi baridi na figili ya kukwaruza. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu, ningemjibu.

"Ndiyo maana umerudi?" nikamuuliza. "Kutushika uchawi?"

"Nimerudi ili lisimpate mtu mwingine," akasema, na akaomba apitishiwe mchuzi.

Mwalimu, ambaye ana miaka sabini na minne na hapendi kelele, alimpa mwaka mmoja, Aprili hadi Machi. Mbele yetu wote akamwambia, "Makita, wateja watano wakituhama kwa sababu ya haya mambo yako, unafunga virago, na sisi tunarudi kwenye karatasi zetu. Tumeelewana?"

"Watano," akasema Chigusa, kama mtu anayeambiwa bei ya figili sokoni. "Sawa, Mwalimu."

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona, niliumwa kichwa kuanzia wiki ile. Aliingiza mfumo mpya kwenye kompyuta, akauunganisha na benki, akataka kila mteja apige picha risiti zake kwa simu jioni ile ile, ili tarehe tano ya kila mwezi awe ameshaiona hesabu ya mwezi uliopita. Na hakutuma barua ya maelezo kama ambavyo ningefanya mimi. Alikwenda karakana moja baada ya nyingine, wateja sitini na wawili, akakaa chini na kuwauliza jambo moja: "Ni swali gani linakunyima usingizi?" Kisha akaandika jibu.

Kuna mzee wa skrubu aliyetupigia picha kidole gumba chake mwezi mzima. Chigusa alikwenda kwake mara sita. Mara ya saba mzee akamwambia, "Binti, wewe ni king'ang'anizi kuliko mke wangu," na kuanzia hapo picha zikaja safi. Wengine hawakushikika. Mmoja alisema anapenda faksi yake. Mmoja alisema hataki simu ijue amekula wapi. Kufikia Novemba walikuwa wameondoka wanne, nami nilikuwa nawahesabu kwa vidole chini ya meza, sifichi.

Kitu kimoja alichokitaka kwangu sikumpa. Nina madaftari kumi na moja ambayo nimeandika mambo ya wateja ambayo hayaingii kwenye hesabu: nani amekatazwa chumvi, nani hasemezani na kaka yake wasije wakakutana kwenye ngazi zetu, nani amefiwa. Juni aliniomba tuyaingize kwenye mfumo.

"Hayo ni yangu," nikamwambia. "Yametoka kichwani mwangu, na mashine yako haina kichwa."

"Kweli haina," akasema. "Ndiyo maana nayataka."

Septemba akaomba tena. Nikatia pamba masikioni.

Sasa nimfikie Bwana Uozumi. Alikuwa fundi wa kung'arisha fremu, mteja wangu tangu nikiwa msichana, na Chigusa alipokwenda kwake alimkatalia kwa adabu: yeye karatasi za Setsuko zinamtosha. Nilitembea na maneno yale wiki nzima kama mtu aliyepewa nishani. Julai akalazwa. Nilimpelekea machungwa hospitali. Akiwa na mipira puani aliniuliza, "Setsuko, wale mafundi wangu wawili, nitaweza kuwaweka mpaka mwakani? Au niwaambie mapema watafute kwingine?"

Nikamwambia asubiri karatasi.

Alifariki tarehe kumi na tisa Agosti. Karatasi za Juni zilikuwa tayari siku tatu baada ya mazishi. Nilizipeleka mwenyewe, na mjane akaziweka mbele ya picha ya marehemu bila kuzifungua. Mwezi wa kumi mjane huyo, Bi. Takako, alimwita Chigusa mwenyewe, akafundishwa kupiga picha risiti. Hakuniita mimi.

Novemba ikaja kadi yake ya kijivu, ile ya kutujulisha kwamba nyumba ina msiba na haitapokea salamu za mwaka mpya. Nyumba yenye msiba haitakiwi heri ya mwaka, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo. Niliandika kwenye daftari langu, nikaiweka kadi kwenye mtoto wa meza, kama ninavyofanya miaka yote.

Desemba Chigusa akatangaza kwamba mwaka huu salamu zitatoka kwenye mfumo, zimfikie kila mteja kwenye simu, Januari mosi, saa tatu asubuhi. Akasimama katikati ya ofisi, akatuuliza, "Kuna mtu yeyote ambaye hapaswi kupelekewa?"

Mwenzetu mmoja akataja nyumba mbili. Mimi nilikuwa nachonga penseli. Niliendelea kuichonga.

Msinisaidie kutafuta sababu, nimeshazitafuta zote. Nilijiambia kwamba mwenye mashine inayojua kila kitu na ajue mwenyewe. Nilijua mteja wa tano ni nani, na nikajifanya hamnazo.

Tarehe nne Januari ofisi ilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza kufika. Theluji ilikuwa imefika magotini. Kwenye faksi, ambayo Chigusa alitaka itolewe na mimi nikagoma, kulikuwa na ukurasa mmoja. Mwandiko wa Bi. Takako naujua, ni wa kunyooka. Huu ulikuwa umepinda.

"Kila jioni nawapigia picha risiti zangu. Mwaka mpya asubuhi nilikuwa namwekea marehemu wali wake mbele ya picha yake, simu ikalia. Mnanitakia mwaka wenye furaha tele. Furaha ipi? Karakana naifunga mwisho wa mwezi huu, na ninyi sina haja nanyi tena. Takako Uozumi."

Mwalimu huja saa nne. Ningeiweka ile karatasi mezani kwake, ningekuwa nimemaliza kazi: mteja wa tano, kwaheri Makita. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miezi tisa. Lakini nilisoma tena pale pa wali wa marehemu, nikakaa. Jiwe nililomrushia Chigusa lilikuwa limempiga mjane wa Uozumi. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, nimeusema msemo huo mara ngapi kwa watu wengine.

Chigusa alipoingia akikung'uta theluji nikampa karatasi, na kadi ya kijivu juu yake.

"Hii ilifika Novemba," nikasema. "Ilikuwa kwenye meza yangu."

Akasoma zote mbili, akaangalia tarehe ya kadi.

"Uliponisikia nikiuliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Nilingoja anitukane. Alivaa tena koti lake. Kwa hasira kifungo kilimshinda, lakini sauti haikupanda. "Napitia dukani kununua halua ya maharage, halafu nakwenda kwake. Utakuja au utabaki?"

Nikaenda.

Bi. Takako alitufungulia akiwa na aproni ya kazi. Hakutukaribisha wala hakutufukuza. Tuliomba ruhusa, tukamfukizia marehemu ubani. Chigusa akageuka, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Mama, tumekukosea. Msiba huu niliujua, nikatuma orodha bila kuipitia mwenyewe. Sina la kujitetea."

"Mwanangu kaniambia ni mashine tu," akasema Bi. Takako. "Kwamba nisikasirikie mashine."

"Mashine niliituma mimi. Nikasirikie mimi."

Hakunitaja. Alikuwa na nafasi, mlango wazi kabisa, na hakunitaja. Basi nikainama nami, magoti yangu mabovu na yote, nikasema, "Takako, mimi niliipata kadi yako. Nilijua salamu zitakuja. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka huyu afukuzwe kazi."

Sikuinua uso. Mjane akasema taratibu, "Setsuko wewe. Uliyemletea machungwa."

Hayo tu. Angenipiga kofi ningepata nafuu.

Chigusa alikaa wima. "Mama, karakana ni yako na uamuzi ni wako, sijaja kukubembeleza. Lakini nakudai jibu. Oktoba nilipokuuliza ni swali gani linakunyima usingizi, ulisema ni swali la Bwana Uozumi: kama wale mafundi wawili wanaweza kukaa. Nilikuambia nahitaji miezi mitatu ya risiti. Imetimia."

Akatoa kishikwambi, akakiweka kwenye mkeka kati yao. Hesabu ilikuwa ya hadi tarehe ishirini na nane Desemba, siku ya mwisho ya kazi. Hakumwimbia tarakimu. Alimwonyesha mistari miwili: fremu nyeusi za mnunuzi wa Osaka, ambazo ndizo zilizojaza karakana, zinakula pesa nyingi kuliko zinavyoingiza. Kazi ya kutengeneza fremu za zamani, ambayo marehemu aliiona ya kupotezea muda, ndiyo inayowalisha.

"Ukiiacha ya Osaka, mafundi wote wawili wanakaa mpaka mvua za Juni bila wewe kukopa," akasema. "Baada ya hapo sijui. Tutaangalia kila mwezi pamoja. Ukitaka kufunga, hapa pia naweza kukuonyesha namna ya kufunga bila kuumia."

Bi. Takako alivaa miwani. Aliangalia mistari ile muda mrefu, akaigusa kwa kidole, ikasogea, akairudisha.

"Yeye alilijua hili?"

Chigusa akanigeukia. Swali lilikuwa langu.

"Hapana," nikasema. "Aliniuliza hospitali. Nilimwambia asubiri karatasi."

Bi. Takako akainuka. Nilidhani anatufungulia mlango. Alikwenda kwenye picha ya marehemu, akachukua ile bahasha yangu ya Agosti, bado imefungwa, akaniwekea mapajani. Kisha akabeba kishikwambi kwa mikono miwili, akakisimamisha pale bahasha ilipokuwa, mbele ya picha, skrini ikimtazama mumewe.

"Soma, baba," akamwambia. "Wanakaa."

Mimi nililia, na sioni aibu kulisema.

Hakufunga. Alitusema kwanza nusu saa nzima, sote wawili, halafu akatukatia ile halua tuliyoileta wenyewe. Kurudi ofisini Chigusa alimkabidhi Mwalimu faksi na kumweleza yote ila jina langu, na nikalitaja mwenyewe. Mwalimu alinitazama, akasema miaka thelathini na sita ni mingi kuharibika kwa penseli moja, na hajalirudia tena. Machi ilipofika walioondoka walikuwa bado wanne. Mwalimu akasema sasa faksi itolewe, na Chigusa ndiye aliyekataa: mtu akiwa na hasira aachiwe njia aliyoizoea.

Madaftari nayaingiza mwenyewe, kwa vidole viwili, Chigusa akinichungulia na kunitania kwamba yule mzee wa skrubu ana kasi kunishinda. Kwenye mfumo kila mteja ana kisanduku alichokitengeneza yeye, kinachouliza: ameuliza nini, lini, na amejibiwa lini. Nilianza na Uozumi. Nikaandika: kama mafundi wawili wanaweza kukaa. Ameuliza Julai. Kwenye kujibiwa nikaandika Januari, mfumo ukageuka mwekundu kuonyesha kwamba jibu limechelewa. Chigusa akasema anaweza kuiondoa ile rangi. Nikamwambia aiache.