Gugu la Bwawani na Jani la Sale

Mama yangu alinichapa mara moja tu kwa sababu ya majani. Nilikuwa nimewakatia mbuzi mzigo mzuri, mwororo, wakavimba matumbo kama ngoma za kanisani, na mmoja akafa. Padri alisema ni mapenzi ya Mungu. Mama akasema Mungu hakushika panga. Tangu siku hiyo silipi jani jina kabla sijaligeuza nione tumbo lake. Shule yangu nyingine iliishia darasa la tatu, usinidai zaidi.

Sifa hiyo ndiyo iliyonipa uenyekiti wa mfongo, mfereji wa mababu unaotuletea maji migombani. Mwaka juzi bwawa la mfongo huo likajaa gugu la chini ya maji, mfongo ukawa unadondosha matone kama mzee mwenzangu chooni. Kikao kikamnyooshea kidole jirani yangu, mjane mwenye kidimbwi cha samaki upande wa juu, kwamba gugu limetoka kwake. Nikatamka mwenyewe: zamu yake ya maji ifutwe. Safari hiyo jani sikuligeuza.

Kesho yake akaja na beseni.

"Shikamoo mwenyekiti. Migomba yangu itakauka, lakini kwanza tuangalie majani."

Aliweka gugu lake na la bwawani. Lake halikuwa na mzizi hata mmoja, majani yamegawanyika ncha mbili mbili, yanakwaruza kidole kama ndevu za siku tatu. La bwawani lilikuwa na mizizi, majani mazima, laini, manne manne yamezunguka shina.

"Hawa ni ndugu," nikasema.

"Ndugu kama mbuzi na mwenyekiti."

Lile laini nililijua. Nililinunua sokoni Njoro pamoja na samaki wawili wekundu wa kwenye chupa, nimpendeze mke wangu. Samaki hawakumaliza wiki. Nikamwaga vyote mfongoni, juu kidogo ya bwawa.

Sisi Wachaga ukimkosea mtu unampelekea jani la sale kuomba msamaha, naye hawezi kulikataa. Nililichuma uani nikampelekea kikaoni, kwa kuwa ni kikaoni nilikomhukumu. Nikasema gugu ni langu, nitaling'oa mwenyewe. Akalipokea sale, akalinusa.

"Hili umeligeuza?"

Walicheka mpaka mzee wa kanisa akapaliwa na pombe ya mbege. Nikawaambia zamu yake irudi leo hiihii, nikaacha fimbo ya uenyekiti kwenye benchi, nikashika njia ya nyumbani. Kikaoni sijarudi tena.