Dokta Aliyekataa Kuingia Zizini

Mama Dokta Godelieve alisomea farasi. Nacheka kila nikikumbuka, na Mungu anisamehe, maana huu si wakati wa kucheka. Huko Lubumbashi alijifunza kukagua kwato na meno ya farasi wa matajiri, kisha akarudi kwao Kalemie, mji ambao farasi pekee tuliyemfahamu ni yule wa mtakatifu kwenye picha ya kanisani. Tukamwuliza, "Sasa utatibu nani, malaika?"

Akatibu nguruwe. Hakungoja kuajiriwa na mtu. Alipaka chokaa chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba yake pale Kataki, akatundika ubao, akakaa. Mwaka wa kwanza wateja walikuwa kuku na mbwa mmoja wa jirani. Miaka kumi na minne baadaye hapakuwa na zizi kutoka Kitali mpaka Lubuye lisilojua mlio wa pikipiki yake.

Siri yake ilikuwa moja: aliingia. Wengine humtazama mnyama kutoka nje ya uzio, wameziba pua kwa kitambaa. Yeye alivaa mabuti yake ya mpira, akaruka uzio, akapiga magoti kwenye tope na kumshika nguruwe kwa mikono miwili. Mimi ni mstaafu wa reli, mtu mgumu kusifu, lakini huyu nilimsifu mpaka mke wangu akaniambia nipunguze. Pensheni yangu ni hadithi tu. Anayetulisha nyumbani ni Madame, nguruwe wangu jike, ambaye amezaa mara tano mikononi mwa Godelieve.

Mwezi wa tatu mwaka huu, nguruwe wa Mama Jeannette wa Lubuye waliacha kula. Masikio yaliwaka mekundu, kisha yakageuka rangi ya zambarau. Godelieve alipiga sindano, akarudi kesho yake, akapiga tena. Siku ya nne walikuwa wamekufa wote wanane. Kisha wakaanza wa Papa Chérubin. Kisha wa Mama Agnès.

Jumatano alasiri nilimkuta nyuma ya nyumba yake, anasugua mabuti kwa brashi na javeli, ile dawa kali ya kuua vijidudu.

"Papa Willy," akasema bila kuinua kichwa, "nilitoka kwa Jeannette nikaenda kwa Chérubin. Kwa Chérubin nikaenda kwa Agnès. Mabuti nilikuwa nayamwagia maji tu. Angalia sasa, ngulube zinakufa kwa ile ile njia nilipita. Ni miye niliwapelekea ugonjwa."

"Wacha maneno hayo, Mama Dokta. Si uko na dawa?"

"Hii homa haina dawa. Na chanjo haina. Hata ningepiga shindano mia, zingekufa tu."

"Sasa zile ulipiga zilikuwa za nini?"

"Za kunituliza miye," akajibu.

Nilizoea kumwona akigombana na ugonjwa. Kumwona akiuogopa, hapana. Nikarudi nyumbani na hasira, sijui nimemkasirikia nani.

Ijumaa alikwenda redioni akasema mwenyewe, polepole, mara tatu: hataingia zizi la mtu yeyote mpaka ugonjwa uishe, nguruwe asitolewe nje, aliyekufa asiliwe wala asiuzwe, azikwe.

Tulisikia vizuri, wala hakuna wa kusingizia redio. Lakini kwetu daktari akisema haji, maana yake amechoka, na mgonjwa ndiye humfuata. Mama yangu mzazi aliteremshwa kutoka milima ya Kirungu kwenye machela mpaka kwa daktari wa Moba, na watu waliombeba walipewa asante. Ile habari ya kutotoa nguruwe tuliona inawahusu wachinjaji na watu wa soko. Kumpeleka mgonjwa kutibiwa ni kumtoa? Ndivyo nilivyowaza hata mimi, na kichwa hiki hiki ndicho kilichopanga treni miaka thelathini.

Jumamosi asubuhi uwanja wa Godelieve ulijaa. Nguruwe walikuja kwa mikokoteni, kwa baiskeli, ndani ya magunia. Mmoja mdogo alibebwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Tulipanga mstari kwa adabu, walio hoi mbele, wazima nyuma. Nguruwe hawajui mstari. Jua lilipoanza kuchoma, Mama Agnès, ambaye alikuja na yule mmoja aliyembakia, aliona huruma akaleta beseni la maji, wakanywa waliotaka, wagonjwa na wazima.

Godelieve alitoka mlangoni miguu mitupu.

"Rudini! Nani aliwaambia mulete?" Kisha akajishika mdomo. "Hapana, ngojeni, musirudi! Mukirudi mutaupitisha mitaa yote."

"Basi tufanye namna gani, Mama Dokta?" Papa Chérubin akauliza kwa upole.

Alikaa kwenye ngazi. Watu walimsubiri bila kunung'unika, wanamwamini kabisa, na imani ile ndiyo iliyokuwa inammaliza. Nilimwonea huruma. Niliwaonea aibu pia wale wote waliokuja na wagonjwa wao bila akili.

Ndipo akaniona.

"Na weye, Papa Willy? Madame ni mugonjwa?"

"Hapana, iko muzima kabisa," nikasema, na fahari kidogo. "Nimemuleta mapema apate shindano yake, asifike kuwa kama hizi."

Hakunitazama. Alikuwa anamtazama Madame, aliyekuwa ameingiza mdomo wote kwenye beseni. Nilivuta kamba. Madame alimaliza kunywa kwanza.