Tupe Sakafu

Nakumbuka harusi moja ya Mpitimbi, mwanangu, ambayo bibi harusi aligoma kuingia ukumbini mpaka Njiwa Watatu tufike. Tulikuwa juu namna hiyo, vijana watatu wa Mjimwema, bila gitaa wala ngoma, midomo yetu na makofi tu. Gaudensi aliimba maneno, Odilo alipanda na sauti yake nyembamba, mimi nilikaa chini: bum, bum, bum. Kabla ya kila wimbo Gaudensi alininong'oneza, "Tupe sakafu." Nikishaitoa ile sauti nzito, wao wanasimama juu yake.

Siku hiyo shangazi wa bwana harusi akanikazia macho. "Na huyu? Kazi yake bum bum tu? Mpeni wali nusu sahani!"

Ukumbi mzima ukacheka. Nami nilicheka, lakini iliniuma.

Njiani nikamwambia Gaudensi, "Jumamosi naimba maneno."

"Kaka, wewe ndiye sakafu yetu."

"Sakafu hukanyagwa."

"Na watu husimama juu yake," akasema.

Sikumwelewa. Miguu yangu haikutulia tangu utoto. Shule yenyewe niliiacha darasa la sita, nikitaka kuona malori yanakoishia. Asubuhi nikadandia la Tunduru bila kuaga. Baadaye nilisikia walijaribu wawili. Wimbo ulianza vizuri, ukapanda, ukazidi kupanda, hadi Odilo akakwama na watu wakazomea. Kabla mahindi hayajavunwa, Njiwa hawakuwapo tena.

Nami niliyaimba hayo maneno, mwanangu, katika miji mingi. Hakuna aliyewahi kuniomba sakafu.

Mwaka huu nimerudi. Nilimkuta Gaudensi barazani kwake anapukuchua mahindi, mzee kama mimi. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisema tu, "Tupe sakafu." Alisema "tupe", na yuko peke yake, Odilo alizikwa mimi sipo. Nikaitoa, inatetemeka. Tulipofika pale pa Odilo tukanyamaza wote wawili, tukamwachia nafasi yake, kisha tukaendelea.

Basi mwanangu, usiipime kazi yako kwa kicheko cha wageni wa harusi. Waulize wanaosimama juu yake. Ukitaka kuondoka, ondoka, dunia inapendeza kuitazama. Ila aga kwanza, usikie watakachokujibu.

Mungu akujalie watu wa kukuambia "tupe", na siku wakikuambia, wakukute ungali na sauti.