Siku Mama Alipozivisha Bunduki Vitambaa

Nitawaambia, lakini mkicheka sana naachia katikati, maana hadi leo nikifika pale getini lazima askari mmoja aniulize kama mama hajambo, na nyinyi mngemwona uso mngejua hiyo si salamu.

Nilikuwa nimekaa nyumbani Elburgon na digrii yangu hadi majirani wakaacha kuniuliza, ndipo nikapata kazi ya majaribio katika hifadhi moja ya wanyama nje ya Gilgil. Nilitunza stoo, na asubuhi nilimsaidia Sajenti Koros, mkuu wa askari, kugawa bunduki. Majaribio yakiisha, Madam mwenye hifadhi angekuja kukagua gwaride na kuamua kama nabaki au narudi kwa mama. (Mimi ni mtu ambaye ukiniambia “tutaonana” nalala nikijiuliza ulimaanisha nini, kwa hivyo fikirieni hali yangu.)

Sasa, zile bunduki zilikuwa zimechubuka. Rangi nyeusi ilikuwa imetoka pale mkono unaposhika, na mbao za vitako zilikuwa na mikwaruzo kama kibao cha kukatia nyama. Nikaona Madam atauliza nani anatunza vitu hivi, na wote watanigeukia.

“Digrii, tulia,” Sajenti akaniambia. “Adui ni kutu, na kutu tunaipaka mafuta. Mchubuko ni sura tu. Bunduki isiyo na mchubuko haijafanya kazi.”

Ni rahisi kusema hivyo kama yako ni mpya. Ya Sajenti ilikuwa imetoka kwa kasha juzijuzi, haina hata alama, na aliipangusa kwa leso yake mwenyewe akidhani hatumwoni.

Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo kila kitu kimevaa: kochi lina vitambaa vya kufuma, redio ina kitambaa, termosi ina kitambaa, na rimoti haijawahi kutoka kwenye nailoni yake. Kwa hivyo nikampigia mama simu nikamwomba anifumie mfuko mmoja mrefu (mmoja tu, wa kujaribu), na aliponiuliza ni wa nini nikamwambia ukweli. Akasema, “Na hao wengine watavaa nini?” Hapo ndipo ningepaswa kumkataza mapema. Badala yake nikasema, “Utaona mwenyewe, mama.”

Aliona. Asubuhi ya gwaride alishuka getini na kikapu, amevaa nguo ya kanisani, na wanawake wote wa chama chake walikuwa wamefuma usiku na mchana. Mifuko ilitosha kila bunduki: mingine ya zambarau, mingine ya manjano, yote ina maua ya waridi na vishada vinavyoning'inia chini. Juu yake kulikuwa na chapati za kila mtu.

“Sajenti, baba,” mama akasema, “nyinyi mnalinda watoto wetu, sisi hatuwezi kuwalindia hata hivi vyuma vyenu?”

Sajenti akaangalia vile vishada, akaniangalia mimi. Lakini mama ya mtu ametoka Elburgon na zawadi mikononi, ameshakupa na chapati umeanza kutafuna, utamrudisha aende wapi? Akachukua ule wa zambarau. Askari wengine wakavisha zao huku wakijiuma midomo wasicheke, na kabla sijapata nafasi ya kusema labda tungoje, gari la Madam likaingia.

Sajenti akasimama mbele, kifua nje, waridi likiwa ubavuni. Madam akashuka, akavua miwani, akaivaa tena.

“Gwaride!” Sajenti akanguruma. “Silaha, begani!”

Jambo ambalo sikulifikiria (mimi, ninayefikiria kila kitu!) ni kwamba uzi wa kufuma unateleza, na bunduki zilikuwa zimepakwa mafuta asubuhi ileile. Sajenti alirusha mkono kwa nguvu zake zote, mfuko ukabaki kiganjani ukipepea vishada, na bunduki ikachomoka kama samaki, ikapiga sementi, kraa!, ikaserereka hadi mbele ya viatu vya Madam. Haikuwa na risasi, asante Mungu, lakini kitako kilikuwa na mkwaruzo mrefu kuliko yote tuliyowahi kuona hapo.

Sajenti akapiga magoti, akaupapasa kwa kidole kama mtu anayegusa paji la mgonjwa.

Sauti ikatoka safu ya nyuma: “Afande, si mchubuko ni sura tu?”

Madam ndiye aliyeanza. Alicheka hadi akashika mlango wa gari, askari wakalipuka, na mwishowe Sajenti mwenyewe, bado magotini, mabega yakaanza kutikisika.

“Nani alifikiria hili?” Madam akauliza akijifuta machozi.

Nilikuwa najipanga kukana, lakini mama akainua mkono juu kabisa. “Ni huyu wangu, Madam. Tangu utotoni hataki kitu kiharibike.”

Madam akanigeukia. “Huyu abaki,” akasema. “Lakini abaki stoo. Na wewe mama, makochi ya nyumba ya wageni hayana vitambaa.”

Ule mkwaruzo upo hadi leo, na askari wameupa jina: Digrii. Sajenti anaupangusa kila asubuhi kwa leso, waziwazi. Nami jioni ile nilirudi chumbani kwangu, nikatoa godoro langu kwenye nailoni niliyokuwa nimeliachia tangu nilinunue, nikalala bila kelele ya kwaru-kwaru, na kitu kingine sifuniki tena maishani mwangu isipokuwa sufuria.