Kolie Kumi na Nne

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na sisi walimu tuna ugonjwa mmoja: tukishaandika jambo ubaoni tunadhani tumelijua. Kwa miaka nimewafundisha watoto wa darasa la tano kwamba moto hulegeza plastiki. Wameandika, nimesahihisha, nimewapa alama. Kisha siku moja nikasimama mlimani kwetu, karibu na Lushebere, nikiwa na bomba la plastiki mkononi na moto miguuni, nikafanya kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga darasani.

Lakini nianze na mguu wa mama.

Chemchemi yetu iko juu ya nyumba, hatua kama mia tatu za kupanda kati ya mashamba ya maharagwe na mihogo. Mama alikuwa akipanda asubuhi na jioni, akiteremka na bidoni ya njano, dumu la maji, mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, kama wanawake wote wa milima yetu. Alasiri moja, baada ya mvua, alisimama pale juu akaniita nimsaidie kuteremsha. Mimi nilikuwa uani, redio sikioni. Timu yangu ilikuwa imepata penalti.

"Nakuya, Mama!" nilimjibu kwa sauti.

Sikwenda. Mpigaji alikuwa akiupanga mpira wake kana kwamba anapanga mayai, na mama hakuwa mtu wa kungoja. Kwanza nilisikia bidoni ikibingirika kwenye mawe. Halafu nikasikia kelele, lakini hazikuwa za mama. Zilikuwa za jirani yetu mjane, mwenye shamba la maharagwe katikati ya njia, aliyetupa jembe lake na kumfikia kabla yangu. Nilipofika nilimkuta mama amekaa kwenye matope, mguu umepinda vibaya, akimwambia jirani aikimbilie bidoni isipotee. Penalti yenyewe ilipaa juu ya goli.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu asiyesikia nilikuwa mimi, na guu lililovunjika lilikuwa la mama.

Tulimbeba kwa machela hadi hospitali ya Masisi, akafungwa plasta, kisha akabaki kwa dada yangu anayeishi karibu na hospitali hiyo mpaka apone. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Mama naye hakuigusa kamwe ile "nakuya" yangu, nikajipa moyo kwamba maumivu yalimsahaulisha. Nilikuwa najidanganya na nilijua. Kila nilipofungua redio niliona haya, mpaka nikaacha kuifungua.

Basi nikaapa kwamba siku mama atakayorudi atakuta maji uani.

Nilikusanya vipande saba vya bomba jeusi, vingine vipya, vingine vimeshatumika, nikavitandika kutoka chemchemini hadi mlangoni. Vipande saba maana yake viungo sita. Kwenye kila kiungo unaweka rakori, yaani kijiti kifupi cha plastiki chenye tundu na meno, bomba moja linaingia huku na jingine kule. Kinachobaki ni kukaza ili maji yasitoroke, na kwetu tunakaza kwa kaucho: ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi. Kaucho inafunga mizigo ya pikipiki, inafunga milango, inafunga mbuzi mkaidi. Nikafunga viungo vyote sita kwa kaucho, na maji yakafika uani. Nikacheza peke yangu, nakiri.

Siku ya tatu robine, koki niliyoweka uani, ilikohoa ikanyamaza. Nilipanda mlimani nikakuta kiungo cha katikati, kwenye shamba la mjane, kimefunguliwa, na watu wanne wanakunywa na kuosha majembe. Walinisalimia vizuri sana. Walipomaliza wakakifunga tena, ovyo, kikawa kinavuja. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa yake. Mlimani kwetu maji yakipita shambani mwa mtu hayakatazwi kwa mwenye kiu. Anafungua, anakunywa, anafunga, na hakuna anayeona kwamba amekosea. Mimi nilikuwa nimezaliwa ndani ya desturi hiyo, lakini hasira zangu ni za karibu, na siku hiyo nilimfokea mjane mbele ya wafanyakazi wake kwamba shamba lake limekuwa baa.

"Mwalimu," akasema, bila kuinua kichwa, "baa watu banalipa."

Wote wakacheka. Niliteremka nikiwa nimeamua kununua kolie.

Kolie ni pete ya chuma inayokaa juu ya kiungo na kukibana. Sokoni Masisi kuna mama mmoja anayeuza misumari, kufuli, robine na vitu vya namna hiyo, na kolie zake zilikuwa za aina mbili. Moja inakazwa kwa skrubu, na yeyote mwenye turnevisi au hata ncha ya kisu anaweza kuilegeza. Nyingine ina kisikio kilichochomoza. Unakifinya kwa pensi maalumu, yaani koleo, pete inabana, imekwisha. Ukitaka kuitoa unaikata na kuitupa.

"Yenye haifunguke njo ninataka," nikamwambia, na moyoni nikiwaona wale wanne wakihangaika na majembe yao.

"Iko kumi na ine tu, njo ya mwisho," akasema. "Na pensi yake?"

Alikuwa na pensi mbili. Ya kwanza ilikuwa mpya, mishikio myekundu, nyepesi, nzuri ya kutembea nayo ili watu wakuone. Ya pili ilikuwa nzito, ya zamani, mikono mirefu, imechubuka. Alisema ilitoka Omate, kule Walikale, kwa fundi aliyekuwa akiwafungia wachimbaji mabomba ya maji ya kuoshea mchanga wa madini. Nikanyoosha mkono kwenye nyekundu.

"Ngoja, Papa." Akachana kipande cha karatasi, akakifinya kwa pensi nyekundu, akakiinua kwenye mwanga. Alama ilikuwa upande mmoja tu. Akafinya kingine kwa ile nzee, na alama ikatoka sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho wa meno. "Hii nyekundu inauma upande moja. Kolie itabana huku, kule maji inatoka. Na hii mikono mirefu itakusaidia, mikono yako iko ya chaki."

Nilinunua ile nzee. Kutukanwa mikono na muuzaji mwaminifu ni afadhali kuliko kusifiwa na mwongo.

Jioni hiyo hiyo dada yangu akapiga simu, akampa mama. "Siku ya Mungu nitarudia," mama akasema. "Maji iko?"

"Iko, Mama."

"Kama haiko, mimi nitapanda na fimbo yangu. Usiniwekee uongo."

Ilikuwa Alhamisi, na Jumapili haikuwa mbali. Hesabu yangu ilikuwa safi: viungo sita, kolie mbili kila kiungo, kumi na mbili, na mbili za akiba. Ijumaa baada ya shule nikapanda na pensi begani kama bunduki, nikaanzia juu, karibu na chemchemi. Bomba lilikuwa gumu, rakori haikutaka kuingia, nikafanya kile ambacho baba yangu alifanya na kila mtu hapa anafanya: nikawasha moto wa matawi makavu na kuichoma ncha ya bomba mpaka ikalainika. Ikaingia kama kidole kwenye ugali. Papo hapo, ikiwa bado moto, nikaweka kolie na kufinya kwa nguvu zangu zote. Kisikio kikafumba. Nikatazama kazi yangu nikaona raha. Nikafunga kiungo cha pili vivyo hivyo, kisha nikafungulia maji nijisifu kidogo.

Maji yalinirukia usoni. Kiungo cha kwanza kilikuwa kinatema pande mbili, cha pili kilikuwa kimeachana kabisa.

Nilikaa chini nikiwa nimelowa. Moto ulikuwa umeifanya plastiki kuwa nyembamba, na kolie zangu zilipoibana ingali laini zilizama ndani yake na kuikata. Kaucho ingesamehe. Kaucho ni laini, inajivuta na kufuata bomba. Chuma hakisamehe, na kolie zile hazirudi nyuma. Nne zilikuwa zimekwisha. Nilizikata kwa msumeno, nikazitupa vichakani, halafu nikatupa na matusi kadhaa ambayo darasa la tano hawayajui, au natumaini hawayajui.

Mjane alikuwa akinitazama kutoka shambani kwake. Akaja na jembe begani.

"Shuleni munafundisha kuchoma tuyo?" akauliza, akilionyesha bomba kwa kidole.

"Mama, nisamehe leo."

"Maji ya moto," akasema. "Chovya tu, ingiza, ngoja ipoe. Bwana yangu alikuwa anafungaka tuyo kule Kibua. Alikuwa anasema moto iko ya nyama."

Ningeweza kuuliza tangu mwanzo. Nilikuwa nimeishi ng'ambo ya ukuta wa maharagwe yake maisha yangu yote.

Jumamosi nilipanda na termosi ya maji yanayochemka. Nilikata ncha zilizoungua, nikachovya bomba, nikahesabu polepole hadi ishirini, nikasukuma rakori mpaka meno yote yakamezwa. Nikangoja. Kungoja ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii kwa mtu wa aina yangu. Bomba lilipopoa nikaweka kolie, si ukingoni kabisa, upana wa kidole kutoka ukingoni, nikafinya mara moja, taratibu, mpaka kisikio kikafumba, nikaacha. Ukiendelea kufinya kwa sababu una hasira, unaiharibu. Pensi ya Omate ilifanya kazi yake bila kelele. Viungo viwili vya juu, viwili vya chini, kimoja karibu na nyumba: vitano, kolie kumi. Zilikuwa zimekwisha, na kiungo cha sita kilikuwa kile cha katikati, kwenye shamba la mjane.

Muuzaji hakuwa na nyingine. Nikasimama pale na pensi mkononi na mifuko mitupu. Mjane akakaa kwenye tuta.

"Hii ungeifunga na chuma," akasema, "mimi na bale balimaji, kiu ikitushika, tungeikata na panga."

Hakuwa akinitisha. Alisema kweli tu, jinsi mtu anavyokwambia kwamba mvua inakuja. Na niliona jinsi ambavyo ningerudi hapa wiki kwa wiki kuunganisha bomba lililokatwa. Niliona pia, na hili liliniuma zaidi, kwamba nilikuwa nimetoka nyumbani nikitaka kumfungia maji mwanamke aliyetupa jembe lake kumkimbilia mama yangu, wakati mimi nasikiliza mpira.

Nikamwomba msamaha kwa ile ya baa. Akasema alishaisahau, kisha akaicheka upya. Akatoa kaucho ndefu, mpya, kutoka kwenye kitenge chake, na akanionyesha namna ya kuifunga ili mtu aifungue kwa mkono mmoja na kuirudisha bila kuvuja. "Hii ni ya kwangu," akasema. "Mwenye hatafunga muzuri, atasikia mudomo yangu." Mdomo wake naujua. Sikuwa na wasiwasi tena.

Jumapili baada ya misa pikipiki ilipanda polepole, mama katikati, dada nyuma amemshikilia. Mama akashuka, akaikita fimbo yake, akaangalia robine niliyoifunga kwenye nguzo ya mti. Akaomba bidoni. Nilimletea ile ile ya njano, ubavu wake umebonyea tangu siku ile. Akaiweka chini mwenyewe, akafungua.

Robine ilikohoa, ikatema upepo, kisha maji yakaja. Bidoni ilipofika nusu yakapungua, yakakatika. Damu ikanipanda. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kupiga kelele kuelekea mlimani, mama akanigusa kwa fimbo. Kule juu mjane alikuwa ameinama kwenye kiungo chake.

"Acha akunywe," mama akasema.

Tukasimama wote tukingoja, hata mwenye pikipiki. Mjane akanyoosha mgongo, akatupungia mkono, akainama tena. Maji yakarudi, bidoni ikajaa mpaka ikamwagika.

"Beba," mama akaniambia.

Nikaiinua, nikaipeleka jikoni. Alinifuata taratibu, fimbo, mguu, fimbo, mguu. Kwenye kizingiti akasimama.

"Ile siku ulisemaka unakuya," akasema, wala hakuwa na hasira. "Sasa njo umefika."

Niliweka bidoni chini, nikaifuta mikono yangu ya chaki kwenye suruali. Nikamwomba msamaha pale pale, machozi yakinitoka, dada yangu akisikia, mwenye pikipiki akijifanya anaangalia tairi. Mama alinishika bega muda mrefu.

"Nimesikia," akasema. "Sasa enda ufunge robine, maji inamwangika bure."